Kidonge cha Siri na Kidonge cha Makubaliano

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam na Nairobi, katikati ya tangazo la mganga anayerudisha wapenzi waliotoroka na lile la kuongeza nguvu za kiume, mara nyingi hubandikwa karatasi ya tatu: dawa ya kumwachisha mtu pombe bila yeye kujua. Siku hizi tangazo hilo limehamia WhatsApp na Facebook, ila maneno ni yaleyale. Wateja wake wakubwa ni wake za walevi, na unga wanaouziwa hutiwa kwenye supu, uji au chai. Ni rahisi kuwacheka, lakini ukiwaangalia vizuri utaona wamefika kwenye nguzo hiyo baada ya kupita kila mahali pengine: wamebembeleza, wamenuna, wamewaita wazee, wamefunga na kusali, wamemfuata mume kilabuni usiku na mtoto mgongoni. Hata hivyo kosa lao ni kubwa, nalo ni ile siri yenyewe. Utafiti wa zaidi ya miaka 40 kuhusu watu wanaoacha pombe unaonyesha kwamba mwenzi, awe mke, mume au mchumba, anaweza kuifanya dawa ifae pale iliposhindwa peke yake. Ila nguvu hiyo huja pale msaada unapokuwa umekubaliwa na pande zote mbili, waziwazi, tena ukiwa na mipaka. Na mwenye ufunguo wa makubaliano hayo ni mnywaji. Kuupokea msaada ni sehemu ya matibabu, na ni sehemu yenye jasho lake.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo watu hufa. Mitaani kuna imani kwamba kuacha pombe ni suala la moyo mgumu: mtu huamka siku moja, akala kiapo mbele ya mchungaji, sheikh au wazee, kazi ikaisha. Kwa mnywaji wa wikendi hilo linawezekana. Kwa yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka azimue, kiapo cha ghafla kinaweza kumuua. Pombe huupoza ubongo; ukipozwa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujizoeza kwenda kasi zaidi ili usilale, na pombe inapokatwa kwa siku moja kasi ile hubaki bila breki. Kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi. Kifafa huweza kumwangusha mtu ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4, baadhi huchanganyikiwa kabisa: huona wadudu wakitambaa ukutani, huongea na watu wasiokuwapo, homa hupanda na moyo hupiga mbio. Ndugu wakiona hayo husema amerogwa au amepandwa na mapepo, wakampeleka kuombewa wakati anayehitaji kumwona kwanza ni daktari. Hospitali ina namna yake ya kumvusha: diazepam kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1 na maji ya kutosha, huku akiangaliwa kwa karibu.

Kwa hiyo msaada wa kwanza kabisa wa mwenzi ni kuandamana naye hospitali na kuhakikisha kiasi kinatajwa kilivyo. Daktari akimuuliza mnywaji anakunywa ngapi, jibu ni "mbili tatu tu". Mke ndiye anayekijua kichupa kilichofichwa nyuma ya tangi la maji, na ndiye anayejua kwamba siku haianzi bila cha kuzimulia. Dodoso la maswali 10 linalotumika duniani kote kupima unywaji, AUDIT, ambalo Shirika la Afya Duniani lililitayarisha kutokana na utafiti katika nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo, lina swali la mwisho linalouliza kama kuna ndugu, rafiki au mhudumu wa afya aliyewahi kuingiwa na wasiwasi juu ya unywaji wako au kukushauri upunguze. Waliolitunga walijua kwamba mtu wa pembeni ni shahidi. Lakini shahidi huyo hafai kitu kama mgonjwa hajamruhusu kuingia chumba cha daktari, na huko kuruhusu ndiko kukubali msaada kunakoanzia.

Sasa turudi kwenye dawa. Kuna kidonge cha kweli cha kumsaidia mtu aache pombe, kinaitwa disulfiramu, na historia yake inafundisha kuliko mahubiri mengi. Mnamo miaka ya 1940 huko Denmark, watafiti Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakikichunguza kama dawa ya minyoo, wakakimeza wenyewe, kisha wakagundua kwamba pombe kidogo tu iliwafanya wawe hoi. Sababu ni kwamba mwili huivunja pombe kwa hatua, na hatua ya kwanza huzalisha sumu ambayo kwa kawaida huondolewa upesi. Disulfiramu huzuia hatua ya pili. Sumu hujaa, uso huwaka, kichwa hugonga, mtu hutapika na moyo humwenda mbio. Haikati hamu ya pombe. Humpa mnywaji sababu ya kungoja. Ukiisikia hivyo utadhani tatizo limekwisha, na madaktari wengi walidhani hivyo hivyo. Mwaka 1986 yakachapishwa matokeo ya jaribio kubwa katika hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani, lenye wanaume 605. Baadhi walipewa dozi kamili, wengine dozi ndogo isiyo na nguvu, wengine vitamini tu, wote wakaenda nayo nyumbani wameze wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliokaa bila kunywa kabisa haikutofautiana kati ya makundi. Shida haikuwa kidonge. Ni mtu 1 kati ya 5 hivi aliyemeza dawa yake kama alivyoelekezwa. Wengine waliiacha kabatini.

Linganisha na jaribio dogo lililotangulia, la mwaka 1982, ambalo Nathan Azrin na wenzake walilifanya na watu 43 katika eneo la mashambani huko Marekani. Hapa kundi moja lilipewa kidonge kwa mtindo wa kawaida, na jingine likapewa kidonge kilekile pamoja na utaratibu: saa maalumu, mahali maalumu, na mtu wa karibu wa kushuhudia kikimezwa, wote wawili wakiwa wamefanya mazoezi ya jambo hilo mbele ya mshauri. Kundi la tatu liliongezewa mafunzo ya maisha: kutafuta kazi, kukataa pombe ukikaribishwa, kujaza siku na mambo mengine. Baada ya miezi 6 waliopewa kidonge kwa mtindo wa kawaida walikuwa wamerudi kunywa siku nyingi za mwezi, na wale wa utaratibu kamili walikuwa karibu hawanywi kabisa. Kilichonivutia zaidi ni habari ya wenye ndoa: kwao kidonge pamoja na shahidi vilitosha, bila hata yale mafunzo ya ziada. Wasio na wenzi ndio waliohitaji vyote. Dawa ni ileile iliyolala kabatini kwa wale wastaafu.

Tena utaratibu wenyewe ni mfupi kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Katika tiba ya wanandoa iliyoendelezwa na Timothy O'Farrell na wengine nchini Marekani, mambo huenda hivi. Kila siku, tuseme baada ya chai ya asubuhi, wawili huketi kwa dakika chache. Mnywaji husema hajanywa tangu jana na kwamba leo amekusudia kutokunywa, kisha humshukuru mwenzake kwa kuwa naye. Mwenzi humshukuru kwa siku iliyopita. Kama daktari ameandika kidonge, humezwa hapo hapo kwa glasi ya maji. Alama huwekwa kwenye kalenda, basi. Sehemu ngumu ni kile wanachokubaliana kutokufanya: mwenzi hatamhoji tena siku nzima, hatamnusa akirudi, hatapekua mifuko wala kufukua habari za ule mwaka pikipiki ilipouzwa. Hayo huwekwa mpaka siku ya mshauri. Mke aliyezoea kulala jicho wazi akisikiliza geti, anayeweza kujua kwa namna ufunguo unavyohangaika kwenye kitasa kwamba leo ni konyagi, huambiwa kwamba zamu yake ni dakika 5 asubuhi na baada ya hapo yuko huru. Kwa wengi wao hiyo ni likizo ya kwanza tangu walipoolewa.

Utaona basi kwa nini unga wa kwenye supu ni kinyume cha haya yote. Kwanza ni hatari kimwili: mtu aliyelishwa disulfiramu bila kujua atakunywa kama kawaida yake, na mwenye moyo dhaifu anaweza asiamke. Na kama unga huo si disulfiramu, basi hakuna anayejua ni nini. Halafu kuna hatari nyingine ambayo kila msomaji wa Kiswahili anaifahamu bila kuelezwa. Dawa ya siri kwenye chakula cha mume, mtaani, ni limbwata. Siku atakapogundua, na hugundua, atakachokiona ni mke aliyetaka kumpumbaza, na kuanzia siku hiyo hata chai ya nyumbani ataitilia shaka. Pombe ya baa, ambayo anaona ikifunguliwa mbele ya macho yake, itaonekana salama zaidi kuliko sahani ya mkewe.

Ni hofu ya hilo limbwata pia inayofanya kukubali msaada waziwazi kuwe kugumu. Mwanaume anayemeza kidonge mbele ya mkewe, aliyemkabidhi kadi ya benki na namba ya siri ya M-Pesa kwa miezi 3, ataambiwa kijiweni kwamba amekaliwa. Wenzake watasema mwanaume kamili huacha mwenyewe akitaka. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa kuwa wapo wanaoacha wenyewe, tena si wachache, hasa ambao mwili haujawa mtumwa wa pombe. Inapokosea ni pale inapodhani kwamba aliyeacha "mwenyewe" hakuwa na mtu. Mtazame kwa karibu huyo wa kuacha mwenyewe: mara nyingi utakuta kuna mke aliyehamisha chakula cha jioni kikawa saa 12, shemeji aliyeacha kumpitia Ijumaa, mama aliyekaa kimya kuhusu madeni. Alisaidiwa, ila msaada huo haukutajwa. Anayeupokea kwa kuutaja ana faida moja kubwa: anaweza kusema ni upi anaoutaka na upi unaomkera, na msaada unaokera ndio unaomrudisha mtu baa. Katika harusi na misiba yetu, ambako kukataa glasi huonekana dharau, jibu la "niko kwenye dozi" hukubaliwa bila maswali; nalo huwa na nguvu maradufu mke aliyekaa pembeni anapolirudia kwa niaba yake. Lakini lazima wawe wamelipanga kabla ya kutoka nyumbani.

Je, kama mnywaji hataki hata kusikia? Hapa wake wengi walishauriwa mambo mawili: wamkabili mbele ya ukoo mzima, au wamwachie Mungu na kuangalia maisha yao. Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na wenzao walichapisha jaribio lenye ndugu na wenzi 130 wa watu waliokataa matibabu. Ndugu waliofundishwa njia za Al-Anon, chama cha jamaa za walevi kilichoanzishwa mwaka 1951, waliona asilimia 13 ya wanywaji wao wakiingia kwenye matibabu; waliofundishwa kumkabili kwa pamoja, asilimia 30; waliofundishwa njia ya tatu, iitwayo CRAFT, asilimia 64. Haki itendeke: Al-Anon haikukusudiwa kumvuta mlevi, imekusudiwa kumponya jamaa yake. Hiyo njia ya tatu haina muujiza. Mke hufundishwa kumfurahia mume akiwa mzima na kujitenga naye akiwa amelewa, na aache kuyafagia matokeo ya ulevi. Kwetu hilo lina sura yake. Mume amelala mlangoni na matapishi. Mke humvua viatu, humwosha, humvuta mpaka kitandani, na asubuhi humpigia bosi simu kusema "ana malaria". Kila tendo hapo ni la upendo, na yote kwa pamoja humficha mume asione jana yake. Njia hii humwambia mke ahakikishe tu kwamba mtu hatakabwa na matapishi, amlaze kwa ubavu, kisha amwache hapo alipo. Simu ya bosi apige mwenyewe. Siku atakaporudi mzima saa 1 jioni, chakula kiwe moto na maneno yawe machache na mazuri; na akiguswa siku hiyo na kusema amechoka na pombe, jina la hospitali na siku ya kliniki viwe tayari mkononi.

Pingamizi zito zaidi ninalolijua halitoki kijiweni, linatoka kwa wanawake. Wanasema: mwanamke huyu analima, analipa ada, amepigwa, amedhalilishwa, na sasa mnamwongezea kazi ya uuguzi? Takwimu ziko upande wao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 2.6 vilivyosababishwa na pombe mwaka 2019, na milioni 2 kati yake ni vya wanaume. Maana yake wanaobaki kuuguza na kuzika, mara nyingi, ni wanawake. Zaidi ya hapo, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mke ndiye mpishi wa pombe. Chang'aa, gongo na mbege vimesomesha watoto wengi, na kumwambia mama muuza mbege amsaidie mumewe aache ni kumwambia afunge duka. Hapo makubaliano ya kweli yataanzia kwenye hesabu ya fedha. Na mwanamke akiwa yeye ndiye mnywaji, mambo hugeuka: mume mlevi huvumiliwa, mke mlevi hurudishwa kwao, kwa hiyo hunywa kwa kificho na kuchelewa hospitali. Siwezi kulifuta pingamizi hili. Ninachoweza kusema ni kwamba hao wanawake tayari wanafanya kazi ya uuguzi, usiku kucha, bila saa ya kutoka, na mpango wenye mipaka huipunguza. Katika lile jaribio la mwaka 1999 hali za jamaa wenyewe na mahusiano yao viliboreka katika makundi yote matatu, yaani hata pale ambapo wanywaji wengi hawakukanyaga kliniki.

Kuhusu kipigo, sina nafasi ya kupapasa maneno: palipo na kipigo, usalama hutangulia, na hakuna utafiti unaomwambia mtu abaki. Lakini hata huko kuna ushahidi kutoka karibu. Lusaka, nchini Zambia, familia 248 ambazo mume alikuwa na tatizo la pombe na mke alikuwa akitendewa ukatili ziliingizwa katika jaribio la ushauri uliotolewa na watu wa kawaida waliofunzwa, wasio wanasaikolojia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Ukatili ulipungua, na unywaji wa wanaume ukapungua, zaidi kuliko kwa wale ambao hawakupewa ushauri huo. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Na wanaume na wanawake walikaa katika vikundi tofauti. Walisaidiwa kama familia bila kuketishwa meza moja, jambo ambalo baadhi ya wazee wetu wa usuluhishi, wenye haraka ya kuwapatanisha watu kwa kupeana mikono, wangepaswa kulitafakari.

Isije ikadhaniwa kwamba mwenzi ni tiba ya kila kitu. Uingereza walijaribu kwa wagonjwa 742 kulinganisha tiba inayojenga mtandao wa ndugu na marafiki na mazungumzo ya ana kwa ana ya kumwamshia mtu nia. Mwaka 2005 matokeo yakaonyesha kwamba zote mbili zilisaidia, na kwa kiasi kilekile. Mwenzi ambaye naye anakunywa huwa mzigo, mpaka wote wawili waamue pamoja. Na wengi wanaohitaji kuacha hawana mwenzi tena, pombe ilikwisha kumwondoa. Hao wana jibu lao, na lilipatikana Eldoret. Wagonjwa 75 wa kliniki ya VVU, wanaume kwa kundi lao na wanawake kwa lao, walishiriki jaribio ambalo nusu yao hivi walipewa vikao 6 vya ushauri kwa Kiswahili, vikiendeshwa na washauri wasio na shahada ya saikolojia. Siku ya 90, asilimia 69 ya waliohudhuria vikao walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya wengine. Jaribio kubwa zaidi la watu 614 lililofuata hapo hapo lilionyesha pia kwamba unywaji ulipungua. Kaka, dada, rafiki wa msikitini au kanisani, hata jirani anayeamka mapema, anaweza kuishika ile zamu ya dakika 5. Kwa Kenya, mamlaka ya NACADA ina namba ya bure, 1192, na si lazima anayepiga awe mnywaji. Kwa Tanzania pa kuanzia ni kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, na swali la kwanza la kuuliza dirishani ni siku gani daktari anaruhusu mgonjwa aingie na mtu wake.